Mbegu za Malisho Nazo ni Zao



Siku hii Chama chetu Kikuu chatimiza miaka 10. Tumezoea kuhesabu mavuno yetu kwa magunia ya mahindi na mpunga, na kwa marobota ya tumbaku. Leo twataka kunena juu ya zao ambalo bado hatujalihesabu, nalo ni mbegu za malisho.

Kila mmoja wetu aijua hali ya Mpanda. Mvua huanza Novemba na kuisha Aprili. Ifikapo Agosti majani ya porini yamekauka, tena moto umekwisha kupita. Hapo ndipo ng'ombe huteremka bondeni kwenye bustani ya jirani, na wanachama wawili wa chama kimoja wakafikishana barazani. Mkoa wetu wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, umezungukwa na hifadhi na misitu; kuhama si dawa tena. Dawa ni kupanda malisho, na apandaye sharti awe na mbegu.

Kazi ya kuchagua mbegu hizo si ngeni. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Kitale, Kenya, walikusanya majani ya asili ya nchi zetu wakayapanda na kuyalinganisha. Katika majani ya Rhodes zilipatikana aina kama Mbarara ya Uganda, Masaba ya mlima Elgon, na Boma, ambayo huchelewa kutoa maua. Australia nayo ilichukua majani ya Cenchrus kutoka Dodoma, ikayastawisha kwa jina la Biloela. Wao waliyalima; sisi twayakanyaga. Hata hivyo, hapa nchini tunayo Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI, ambayo kituo chake cha Kongwa hushughulikia malisho, pale pale ulipoanguka mradi wa karanga wa Waingereza mwaka 1951.

Twakiri kosa letu. Mwaka mmoja tulinunua mfuko wa mbegu, tukapanda ekari moja, tukavuna magugu. Tulimlaumu muuzaji. Lakini nasi tulizifukia kwa jembe kina cha kidole, kumbe mbegu ndogo namna ile zataka kufunikwa kidogo tu. Hata leo hatujui kosa lilikuwa la nani, kwa sababu hatukuzijaribu kwanza. Kujaribu si kazi kubwa: hesabu mbegu 100, ziweke katika kitambaa chenye unyevu, kisha uhesabu zilizoota.

Atakaye kuzalisha na akumbuke mambo matatu. Kwanza, majani ya Rhodes huchavushana kwa upepo. Aina mbili zikikaribiana, mbegu huchanganyika. Cenchrus kwa kawaida hufanya mbegu bila kuchavushwa, na mtoto hufanana na mama. Pili, mbegu haziivi siku moja. Ukiwahi wavuna makapi, ukichelewa zimekwisha kupukutika. Tatu, mbegu mpya za Cenchrus hulala miezi kadhaa kabla ya kuota vema. Mwenye haraka huzidhania zimekufa.

Basi twashauri hivi. Kila chama cha msingi kitenge ekari moja, kipande aina moja tu, tena kwa mbegu za asili inayojulikana. Wakaguzi wa TOSCI waitwe mapema, kwa mujibu wa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003. Na Chama Kikuu kisilipe kwa uzito peke yake, maana makapi nayo yana uzito. Kilipe kwa kadiri mbegu zinavyoota. Kila mfuko uandikwe shamba ulikotoka na siku ya kuvunwa, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Tukiuziana makapi, tutakuwa tumemwibia jirani msimu mzima, na ng'ombe wake watarudi bondeni kwetu. Tukiuziana mbegu hai, mkulima atapata fedha na mfugaji atapata malisho, na baraza litapata mapumziko.

Chama chetu na kistawi.