Askari Wasio na Kura Bungeni

Nchini Marekani, kijana anayejiunga na jeshi hula kiapo cha kuilinda katiba ya nchi yake. Kiapo hicho ni kimoja, awe ametoka Texas au Washington, mji mkuu. Lakini askari hao wawili wanaporejea kutoka vitani, haki zao hazilingani. Yule wa Texas ana masenata wawili na mbunge wa kumsemea. Yule wa Washington hana senata hata mmoja. Mjumbe wa mji wake katika Baraza la Wawakilishi huruhusiwa kusema, lakini muswada unapopigiwa kura ya mwisho, yeye hana kura.

Jambo hili si dogo. Bunge hilo, liitwalo Congress, ndilo lenye mamlaka ya kutangaza vita, na ndilo linaloidhinisha fedha za mishahara, pensheni na matibabu ya askari wastaafu. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 689,545 mjini Washington, idadi inayoyashinda majimbo ya Wyoming na Vermont. Wakazi hao hulipa kodi, na damu yao imemwagika. Mnara uliozinduliwa mjini humo mwaka 1931 una majina 499 ya wenyeji waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Asili ya hali hii, ndugu wasikilizaji, ni askari wenyewe. Mwezi Juni 1783, askari waliokuwa wakidai mishahara yao walilizingira jengo la Congress mjini Philadelphia. Serikali ya jimbo la Pennsylvania haikuwaita wanamgambo kulilinda, na wajumbe wakauhama mji. Ndipo watunga katiba walipoamua kwamba makao ya serikali yawe katika eneo lisilotawaliwa na jimbo lolote. Kwa sheria ya mwaka 1801, wakazi wa eneo hilo wakapoteza kura zao za Bunge.

Marekebisho yamekuja polepole. Mwaka 1961 wakazi walipewa haki ya kumchagua Rais, na sheria ya mwaka 1973 ikawapa nafasi ya kumchagua meya na baraza la mji. Jaribio la kubadili katiba ili wapate wabunge kamili lilikufa mwaka 1985, kwa kuwa ni majimbo 16 tu yaliyoridhia, nayo yalihitajika 38. Mwaka 2020 na 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuufanya mji huo jimbo. Seneti haikuupitisha.

Matokeo yake yanaonekana hata katika amri za ulinzi. Katika majimbo, Walinzi wa Taifa huwa chini ya gavana wakati wa kawaida; Washington huwa chini ya Rais. Mwezi Agosti 2025 Rais Donald Trump aliwapeleka walinzi hao mitaani, na kuwaweka polisi wa mji chini ya mamlaka ya serikali kuu kwa siku 30.

Wapinzani wanasema kwamba katiba hairuhusu jimbo hilo, na kwamba masenata wake wawili wangekiongezea nguvu chama cha Democratic. Wengine wanataka eneo hilo lirudishwe Maryland. Hoja ya ulinzi ilikwisha kujibiwa: muswada uliacha eneo dogo la Ikulu na Bunge mikononi mwa serikali kuu. Hoja ya vyama inahusu viti, nayo haimhusu mtu aliyerudi na jeraha.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kuamua vita kwa niaba ya asiyeweza kukuondoa kwenye kiti. Taifa linalompa raia bunduki ailinde katiba haliwezi kumwambia kwamba katiba hiyo hiyo haina nafasi ya kura yake.