Kaangalieni, Kisha Mje Mniambie



Kamati imetuomba sisi, wajukuu wa bibi mmoja wa huko nyumbani, tuseme machache kabla ya michango. Hatutakawia, maana tunajua sato wanapoa.

Bibi yetu hakuwahi kukaa darasani. Alilima mihogo na kuanika dagaa. Tukimuuliza swali, alisema, "Kaangalieni, kisha mje mniambie." Siku moja tulimuuliza kwa nini wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani mwezi ukiwa mpevu. Akatutuma tukakae ufukweni usiku wa giza, na tena usiku wa mbalamwezi. Usiku wa giza karabai zilitapakaa ziwani kama mji ulioota juu ya maji. Usiku wa mbalamwezi ziwa lote liling'aa, na mitumbwi imelala mchangani. Tulibishana njia nzima, hadi mmoja wetu akasema: kama kote kuna mwanga, dagaa afuate taa ya nini? Bibi akacheka, akamwongezea kiazi. Sisi wengine tulinuna, lakini jibu lile hatujalisahau mpaka leo.

Mdogo wetu wa kike alikuwa na lake: kuchora ukutani kwa mkaa. Kuna siku alichora lile wingu la wadudu linaloinuka ziwani kama moshi, mnalijua. Mama alikuwa ameshachukua fimbo. Bibi akasimama mbele ya ukuta, akatazama kwa muda, kisha akauliza, "Upepo ulikuwa unatoka wapi?" Mtoto hakujua. Akarudishwa ziwani akaangalie. Ukuta ule ulikandikwa upya mara nyingi, na kila mara ulichorwa tena. Leo mdogo wetu anachora picha za vitabu vya watoto. Picha ikimkatalia, tunamsikia akijiuliza upepo ulitoka wapi, hata kama amechora jiko.

Jambo hili si la familia yetu peke yake. Mzee Aniceti Kitereza alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Kitabu kilikaa miaka 35. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Ni kinene, na tukiri kwamba tunaokisifu ni wengi kuliko tuliokimaliza. Lakini mle ndani mna kilimo, uvuvi, mitishamba, pombe ya ndizi na adabu za ukweni, kwa undani ambao mtu haupati bila kuketi na wazee na kuwasikiliza. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, naye aliileta Ukerewe yetu katika *Rosa Mistika*.

Sasa tuseme la leo. Chumba cha kusomea pale shule ya msingi kimefika kwenye linta na kimesimama hapo. Mpango ni kwamba Jumamosi mabibi na mababu waje waketi na watoto. Watoto waulize, waandike, wachore, na simu zinase sauti. Wanaoweza kusimulia kwa Kikerewe kitupu wanapungua, na kila mwaka tunazika wengine. Sisi wenyewe tunacho kitendawili kimoja cha Bibi ambacho tunakumbuka swali lake tu. Tumeulizana nyumba nzima, tumewapigia shangazi simu, hakuna anayekumbuka jibu. Bibi amekwenda nalo.

Kuna watakaosema zahanati kwanza, chumba baadaye. Hoja hiyo tunaiheshimu, na mfuko wa zahanati una daftari lake. Hatuombi shilingi ihamishwe kutoka kule.

Kinachotakiwa ni mabati, mbao za kenchi, milango miwili na rafu. Mwenye uwezo wa bati moja atoe bati moja, litaandikwa. Mweka hazina yuko meza ya kulia. Na wazee wetu mnaokumbuka vitendawili vya nyumbani, tafadhali msiondoke kabla hatujawategea hicho chetu. Mdogo wetu amekaa karibu na mlango, na ana kalamu.