Bibi Asiyeandikwa: Nasaba na Daftari za Unguja



Mtu wa mwambao akiulizwa nasaba yake, aghalabu huanza kwa baba, akapanda kwa babu hata akafika Hadhramaut au Oman, na huko akatua kwa raha. Walakini ukimwuliza mama wa babu yake wa tatu alikuwa nani, ulimi humwia mzito, wala si kwa usahaulifu tu. Bibi huyo ndiye nitakaye tumtafute jioni hii, kwani karatasi zipo, ila hazipo pale watafutaji wengi wanapoanzia.

Kwa kuwa mara nyingi bibi huyo alikuwa mtumwa, wao huanzia daftari za uhuru. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyouondolea utumwa nguvu ya sheria katika Unguja na Pemba, lakini haikumfuata mtu nyumbani kumfungua: ilimpasa mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na bwana ndiye aliyelipwa fidia, na kwa kuwa serikali itoayo fedha haiachi kuandika, majina ya wote wawili yakasalia. Yasomwe kwa hadhari. Mabruki, Feruzi, Baraka ni majina ambayo mara nyingi mtu alipewa na aliyemmiliki, na wengi waliyachangia, hata jina la bwana likawa ndilo limpambanualo Mabruki huyu na yule. Basi amtafutaye mtumwa na aanze kwa mirathi ya bwana. Shauri hili ni chungu, najua.

Suria, yaani mtumwa wa kike aliyewekwa na bwana wake kinyumba, ambaye ndiye bibi wa wengi wetu tulioketi humu, amri ile ilimwacha nje, asipate kuomba uhuru ila kwa kuthibitisha ukatili, mpaka 1909. Anayepekua daftari za miaka hiyo kwa ajili yake atapekua sana na kuambulia kidogo. Sheria ya Kiislamu, hata hivyo, ilimwekea alama mahali pengine: mwana aliyekiriwa na bwana huzaliwa huru na kurithi sawa na nduguze wa mke wa ndoa, na mama mwenyewe huwa huru bwana afapo. Kwa hiyo mtafute mwana katika hukumu za kadhi za kugawa mirathi, hasa zile zenye mzozo, maana ndugu wanaogombea shamba la mikarafuu huulizana bila ya haya nani kazaliwa na nani.

Ziko na hati za wakfu, ambazo mabwana na mabibi wengi wa Unguja na Mombasa waliziandika ili nyumba au shamba liwafae watumwa waliowaacha huru, na vizazi vyao baada yao. Nyingi zimeandikwa kwa Kiarabu, na mwanafunzi asiyekisoma hufika kwenye hifadhi ya nyaraka iliyoko Kilimani, Unguja, akaishia kusoma barua za mabalozi wa Kiingereza, ambao hawakuingia ndani ya nyumba hizo wala hawakujua nani anaitwaje humo. Ombi langu kwa chuo hiki, kwa hiyo, ni mwalimu mmoja wa kusomesha hati za makadhi, aanze muhula ujao.