Marekebisho ya Tovuti Yasipoonekana

Kampuni nyingi za utalii jijini Arusha, zinazouza safari za kupanda Mlima Meru wenye kimo cha takriban mita 4,566, huendesha tovuti zake kwa mfumo wa kusimamia maudhui, yaani programu kama WordPress, iliyotolewa mwaka 2003, inayomwezesha mhariri kubadili maandishi na picha bila kuandika msimbo wa kompyuta.

Katika kazi hiyo ya mhariri, tatizo la kwanza hujitokeza pale bei mpya inapokuwa imehifadhiwa, lakini ukurasa ukaendelea kuonyesha ya zamani. Mara nyingi chanzo ni kache, yaani nakala ya muda ambayo kivinjari au seva huitunza ili ukurasa ufunguke haraka; hivyo mhariri huhakikisha kwanza kwamba amechapisha kazi yake badala ya kuiacha ikiwa rasimu, kisha hufuta kache na kuufungua ukurasa upya.

Tatizo la pili ni picha. Picha ya twiga wa Momella, chini ya Mlima Meru, iliyopigwa kwa simu inaweza kufikia megabaiti 5, na mteja mwenye mtandao hafifu huchoka kuisubiri. Ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,600 na kubanwa, aghalabu hushuka chini ya kilobaiti 500.

Tatu, maandishi yanayonakiliwa kutoka programu ya Word huja na mitindo iliyofichika, hata aya moja ikatofautiana na nyingine kwa umbo la herufi. Dawa yake ni kuyabandika kama maandishi matupu.

Zaidi ya yote, nakala ya akiba ya tovuti nzima hutunzwa kabla ya kusasisha programu yoyote, kwani tahadhari ni kabla ya hatari.