Maana ya Neno "Obliged"



Jioni hii twataka kunena machache juu ya neno tuliandikalo kila siku pasipo kulifikiri, nalo ni "obliged". Asili yake ni Kilatini, likapita katika Kifaransa hata likafika Uingereza. Maana yake ya kwanza ni kufunga, kama mtu afungavyo mzigo kwa kamba.

Kamba hiyo ina ncha mbili. Ya kwanza ni lazima: aliye "obliged to pay" imempasa kulipa, apende asipende. Ya pili ni fadhili: "I am obliged to you", yaani nawiwa nawe kwa wema ulionitendea. Tena katika barua, "I should be obliged if you would" ni ombi la adabu. Lakini likitoka kwa mkubwa wa ofisi, karani mwenye akili hulisoma kuwa ni amri.

Basi tuziangalie ncha hizi tunapofasiri. Tukimwambia mlipa kodi kwamba "anaombwa" kulipa, tumempoteza, na atakayepata taabu ni yeye. Na mtu aliyepewa cheti anachostahili asiondoke akidhani anawiwa nasi. Tumempa haki yake, hatukumfadhili. Vivyo hivyo na sisi: mshahara wa kazi tuliyoitenda ni deni lililolipwa. Tushukuru kwa adabu, lakini tusijifunge kwa kamba isiyokuwapo.