Risasi na Zebaki Kazini: Mjamzito Amweleze Muuguzi Kazi Anayofanya

(Mazungumzo kwa kina mama na mafundi wa jua kali, Budalang'i)



Mama akienda kliniki ya wajawazito, muuguzi humpima uzito, presha na damu. Kwa kawaida damu hiyo haipimwi madini ya risasi wala zebaki. Basi muuguzi asipoambiwa mama anafanya kazi gani, hana njia ya kujua.

Risasi imo ndani ya betri za magari na pikipiki, na mara nyingi katika waya wa kulehemu redio na simu. Anayepasua betri kuukuu au kuyeyusha risasi apate vizito vya nyavu huvuta moshi wake, na asiponawa humeza vumbi lake pamoja na ugali. Zebaki nayo hutumiwa na wachimbaji wadogo kunasa dhahabu, kama kule Tiira ng'ambo ya mpaka, au Migori. Ikichomwa, mvuke wake hauonekani wala haunuki.

Madini haya hupita kwenye kondo la nyuma yakamfikia mtoto tumboni. Risasi ina hila zaidi, kwani hukaa mifupani miaka mingi. Mama akishika mimba, mwili huchota kalisiamu mifupani ili kumjenga mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Kwa hivyo hata aliyeacha kazi hiyo zamani ana la kumweleza muuguzi. Mimba inaweza kuharibika, mtoto akazaliwa kabla ya wakati au akiwa mdogo mno, au akawa mzito wa kujifunza, jambo ambalo wazazi hugundua akiwa tayari shuleni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Yaliyotokea Owino Uhuru, Mombasa, yanajulikana. Phyllis Omido aliajiriwa mwaka 2009 katika kiwanda cha kuyeyusha betri. Kazi yake haikuwa ya tanuri, ilikuwa ya ofisini. Mtoto wake mchanga akaugua, akatibiwa magonjwa mengine, hadi damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Wanakijiji walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ilizunguka hadi Mahakama ya Juu, iliyoamua Desemba 2024. Pesa hizo, hata zikilipwa zote, hazirudishi mimba iliyotoka.

Mjamzito ahamishwe kutoka kwenye moshi na vumbi hilo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi na kuwapa mavazi ya kinga. Kitambaa cha kufunga pua hakizuii mvuke wa zebaki. Omena, inayoliwa na mifupa yake, ina kalisiamu nyingi na inasaidia, lakini si dawa ya kumrudisha mtu kwenye betri. Anayenyonyesha asiache kunyonyesha kabla ya kuongea na muuguzi.

Na nyinyi wanaume: ovaroli ya kazi ivuliwe kabla ya kuingia nyumbani, isichanganywe na nguo za mtoto. Kama mke ni mjamzito, fundi aifue mwenyewe.