Ukinunua Nyumba, Uliza Upepo Kwanza



Tulipokuwa shuleni, Kawe ilijulikana kwa kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers. Siku hizi Shirika la Nyumba la Taifa limeinua maghorofa huko, na tangu Sheria ya mwaka 2008 mtu aweza kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe. Wanunuzi wengi hupenda dari ya jipsamu, taa za kufichwa, marumaru zing'aazo, na jiko lililoungana na sebule.

Mimi nami nilivutwa na hayo. Nilinunua Kawe nyumba ya ghorofani yenye madirisha upande mmoja tu. Tukikaanga samaki, makochi hunuka mpaka kesho yake. Kabati la chini ya sinki limevimba kwa unyevu. Mama yangu alikaa siku tatu, akarudi kijijini akisema vyumba havina hewa.

Vijana, mtakapokwenda kutazama nyumba, ulizeni kwanza: kusi na kaskazi huingilia wapi, na hutokea wapi? Jipsamu utaiweka baadaye ukipata fedha. Ukuta wa ghorofa hutauruhusiwa kuutoboa.